Nyayo Ziliingia, Hazikutoka

Wiki jana niliwaacha mmenikasirikia, na mna haki. Kwa aliyekosa gazeti nitasema kwa ufupi. Jina langu ni Maroa, dalali wa ng'ombe, Mkuria wa upande wa Mabera, mume wa Damaris na baba yake Liz. Usiku mmoja wa ile mvua ya El Nino, mimi na rafiki yangu Javan, mwenye bucha mjini Migori, tulifungua boma la mzee Chacha tukatoa ng'ombe wake. Tukawapitisha katika boma la Ombui, baba mkwe wangu, tukatokea nyuma, tukawapakia kwenye lori barabarani. Kulipokucha walikuwa Homa Bay. Adhuhuri walikuwa nyama.

Niliwaambia nilipita kwa Ombui kwa sababu mbwa wake wananijua, hawanibwekei. Nikasema pia lango lake limekanyagwa na ng'ombe wake mwenyewe hadi likawa tope tupu, kwa hivyo nyayo za ng'ombe wa Chacha zingepotea humo. Hayo ni ya kweli, ila kuna jambo niliwaficha.

Kwetu Wakuria nyayo zina sheria yake. Ng'ombe wakiibwa, watu wanafuata nyayo. Zikiingia bomani kwako, wanasimama langoni na kukukabidhi. Kuanzia hapo nyayo ni zako. Utazitafuta, uzitoe upande wa pili, uwaonyeshe zilikoelekea, nao wazipokee waendelee na safari yao. Ukishindwa kuzitoa, mwizi ni wewe, hata kama usiku kucha ulikuwa umelala ukikoroma.

Mtoto anayechunga mbuzi anaijua sheria hii. Mimi dalali, mtu niliyelelewa mkiani mwa ng'ombe, nilimwambia Javan kwamba nimeisahau.

Asubuhi ile nilimkuta buchani akinoa kisu. Nilimwambia nyayo zimebaki kwa mkwe wangu, naye atabebeshwa msalaba usio wake. Javan hakuacha kunoa.

"Omera, ndugu yangu, tulia," akaniambia. "Wewe hukuiba. Wewe ulionyesha njia tu."

Neno hilo lilinikaa vizuri, siwafichi. Nilitoka mjini nikilitafuna kama muwa. Mimi nilionyesha njia tu. Javan naye alitafuta lori tu. Dereva aliendesha tu. Mnunuzi wa Homa Bay alinunua tu. Na Chacha mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, kufunga boma kwa miiba iliyooza alitarajia nini? Ukitusikiliza sote, utadhani ng'ombe wale walijifungulia lango wakapanda lori wenyewe.

Kabla sijafika nyumbani nilikutana na Bichage njiani. Huyu ni shemeji yangu, kitinda mimba wa Ombui, kijana asiyejua kusema hapana. Alikuwa anasukuma baiskeli, tope limempanda hadi kiunoni, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

Aliniambia Liz alishikwa na degedege usiku. Damaris alikimbia kwao kwenye mvua kuita msaada, maana mimi sikuwepo. Bichage akampakia dada yake na mtoto kwenye baiskeli, akawafikisha Migori usiku huohuo. Asubuhi hospitali ikasema hali ni mbaya, ikawapeleka Homa Bay kwa gari. Yeye akarudi.

"Nilifikiri uko mnadani, shemeji," akasema. "Usijali. Mtoto ni wetu sote."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili na machozi yakanitoka. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Jioni ileile mto ukafurika, barabara ya kwenda Homa Bay ikakatika, na mimi nikabaki sijui kama binti yangu yu hai.

Hapo ndipo tulipofika wiki jana. Sasa shikilieni roho zenu.

Kesho yake tarumbeta ya pembe ililia, na wanaume wote wakaitwa josho la ng'ombe. Ilikuwa iritongo, kikao chetu cha kuhukumu wizi. Siku hizo kilikuwa kimeamka upya, kwa sababu watu walichoka. Mwizi alikuwa anapelekwa kituoni Jumatatu, na Ijumaa unamkuta mnadani amevaa kofia mpya anakusalimu. Kwa hiyo vijana walijitengenezea sheria yao ya kamba na rungu. Mwizi wa mwisho waliyemshika mwezi uliopita hakufika kituoni. Mama yake alimzika karibu peke yake, kwa kuwa majirani waliogopa kuonekana matangani.

Aliyesimamia kikao alikuwa mzee Ryoba, mtu mkavu, hacheki wala hapandishi sauti. Alisema nyayo za ng'ombe wa Chacha zimefuatwa kutoka bomani kwake, zimevuka kijito, zimeingia lango la Ombui, na hazijaonekana zikitoka. Akamgeukia Ombui na kumwambia azitoe kabla jua halijageuka.

Ombui akasema macho yake yameingia ukungu. Akaomba apewe mtu mmoja anayejua kwato. Kila mtu akadhani atamtaja mwanawe.

"Nipeni mkwe wangu," akasema. "Maroa anasoma ng'ombe kuliko sisi wote."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akanipiga bega, akasema hivyo ndivyo mkwe anavyotakiwa kuwa. Wallahi, ndugu zangu, ningepewa kaburi wakati ule ningeingia na viatu.

Tukaenda. Watu wa Chacha walibaki langoni, kama desturi inavyotaka, kwa kuwa mwenye boma ndiye anayezitoa na wao kazi yao ni kupokea. Ndani tulikuwa wawili tu, mzee na mimi. Nilijifanya nachunguza hapa, nainama pale, nachokoa tope kwa kijiti. Wakati huo wote nilikuwa najua pa kwenda. Nyayo zilitokea nyuma ya zizi, palipo na pengo kwenye ua, na kwa sababu pale kuna mti wenye majani mengi, mvua haikuzifuta.

Nilifika pengoni mbele yake. Lo, zilikuwa wazi kama zimechongwa. Kwato zimeelekea barabarani, na kando ya kwato nyayo za mtu aliyewaswaga. Mtu huyo alikuwa amevaa akala, ndala za kukatwa kwenye tairi. Mguu wa kushoto ulikuwa wa tairi la lori, wa kulia wa tairi la Land Rover. Fundi wangu aliishiwa na tairi katikati ya kazi, akanimalizia na alilokuwa nalo, na kijiji kizima kilinicheka mwezi mzima.

Na mimi, mjinga wa wajinga, nilikuwa nimezivaa zilezile.

Nilikanyaga alama iliyo wazi zaidi. Nikasimama juu yake kwa mguu wa kulia na kumwambia mzee kwamba hapa hakuna kitu.

Ombui alikuja polepole. Hakuangalia ua. Aliangalia chini.

"Inua mguu, mwanangu."

Sikuinua. Akarudia kwa sauti ileile ya kumwambia mtu asogee kwenye benchi. Nikainua. Pale chini palikuwa na alama mbili zilizolaliana, ya usiku ule na ya sasa hivi, na zilikuwa alama moja.

Nilipiga magoti topeni. Nilimwambia ni Javan. Javan alinidanganya, Javan alileta lori, Javan alisema ng'ombe wale ni wa deni, mimi nilionyesha njia tu. Mnaona? Hata nikiwa nimepiga magoti mbele ya mzee niliyemtia kitanzini, bado nilikuwa natafuta mgongo wa mwingine wa kutwika mzigo wangu.

"Javan hana miguu yako," Ombui akasema.

Nikasema nilisahau sheria ya nyayo. Akanitazama mpaka nikakosa pa kuweka macho.

"Hukusahau. Ungesahau ungepita kwa mtu yeyote. Ulipita kwangu."

Sasa ndugu zangu, lile nililowaficha ni hili. Sikusahau. Nilipokuwa kijitoni usiku ule, Javan akiniuliza tushike njia ipi, nilifikiria maboma yote yaliyo mbele yetu. Nilijua nyayo zikibaki kwa mtu baki, mtu baki atazitafuta hadi mlangoni kwangu. Lakini zikibaki kwa Ombui, hata akijua, atanyamaza. Hakuna mzee atakayemfunga mume wa binti yake. Nilimchagua kwa sababu ananipenda.

Mzee akaniambia usiku ule alimwona mjukuu wake akitetemeka mgongoni mwa mama yake, akajiuliza baba yake yuko wapi. Ng'ombe walipotangazwa, akajiuliza tena. Ndiyo maana akaniomba mimi nizifuate nyayo. Alitaka ajue, na alikuwa anamwomba Mungu asijue.

Kisha akachukua fimbo yake, akaanza kuchokora tope. Alifuta alama zote, moja baada ya nyingine, za kwato na za akala, akihema kwa uzee. Nilitaka kumsaidia. Akanikataza kwa mkono.

"Nitalipa," akasema. "Ng'ombe hutafutwa wakapatikana. Wewe ukiuawa, Damaris atakuwa mjane na Liz yatima, kama bado yupo. Lakini unisikie. Wakimgusa mwanangu Bichage, utasema mwenyewe. Mimi sitakusemea."

"Nitasema, baba."

"Apa."

Nikaapa. Nikaapa kwa jina la Liz, mtoto aliye mahututi, ambaye sijui yu hai au la. Wakati ule niliapa kwa moyo wangu wote, na mtu akiniambia nilikuwa nadanganya nitagombana naye hata leo.

Tukarudi joshoni. Ombui akasimama mbele ya watu, akasema nyayo zimemshinda, na kwa kuwa zimemshinda ni zake. Atamlipa Chacha ng'ombe wake na wengine juu yake kama faini, kama sheria inavyosema. Alisema maneno hayo bila kutetemeka, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuchukua hata kuni za mwenzake. Wapo waliotazama chini kwa huruma. Nikapumua. Nikasema moyoni yamekwisha, na nitamlipa mzee huyu polepole hadi nife.

Hayakwisha. Ryoba akasafisha koo.

Alisema ng'ombe peke yao hawatoshi tena. Mwezi uliopita iritongo ilikubaliana hivyo, kwa sababu kuna watu wanalipa ng'ombe wa wizi kwa ng'ombe wengine wa wizi. Mwenye boma atoe ng'ombe, na atoe mtu wa kuadhibiwa. Boma la Ombui lina wanaume wangapi?

Kila mtu alijua. Ni Ombui, na ni Bichage.

Kijana mmoja wa upande wa Chacha akasimama. Alisema asubuhi ile ng'ombe walipokosekana, alimwona Bichage kwenye barabara ya Migori, ametapakaa tope, amechoka kama punda. Ametoka wapi mtu huyo? Uwanja ukavuma. Kabla Ryoba hajasema neno, vijana walikuwa wameshamzunguka Bichage, na mikono yake ilikuwa nyuma ndani ya kamba.

Ombui aligeuka kunitazama. Alikuwa amesema yote kule pengoni.

Nilijaribu kuinuka. Naapa nilijaribu, ingawa kiapo changu mnajua thamani yake. Nikakaa tena. Nikajiambia nisubiri kidogo, pengine Bichage atajiokoa mwenyewe bila mimi.

Na kweli alianza kujiokoa. Alikuwa ametulia kabisa. Akawaeleza kwamba usiku ule alimpeleka mtoto wa dada yake hospitali ya Migori kwa baiskeli, na asubuhi ndiyo alikuwa anarudi. Hakuna cha kuficha.

Ryoba akauliza nani alimwona. Bichage akamtaja mlinzi wa getini, ila hamjui jina. Ryoba akauliza habari za Damaris. Yuko Homa Bay na mtoto, na barabara imekatika, hakuna anayejua itapitika lini. Ombui akasema yeye na mkewe walimwona kijana akiondoka. Wazee wakatikisa vichwa, kwa sababu kwetu neno la baba juu ya mwanawe si ushahidi, wala la mama.

"Basi muulizeni shemeji," Bichage akasema. Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu aliyekumbuka kwamba ufunguo uko mfukoni. "Mtoto ni wake. Tulikutana njiani nikamweleza yote."

Uwanja mzima ukanigeukia. Nadhani mamia ya macho. Mimi niliona mawili tu, ya Ombui.

"Maroa," Ryoba akaniita. "Simama. Ni mtoto wako. Ni kweli Bichage ndiye aliyempeleka?"

Neno lililotakiwa lilikuwa moja. Ndiyo. Mtoto wa chekechea analitamka. Lakini nyuma ya neno hilo nililiona lingine limesimama linangoja zamu yake, tena niliona tayari liko midomoni mwa Ryoba. Kama Bichage alimbeba mtoto wako usiku wa mvua, wewe baba yake ulikuwa wapi?

Nikaona kamba. Nikamwona yule wa mwezi uliopita na mama yake na jembe. Nikaanza tena hesabu zangu za kishetani: kwamba Bichage hana mke wala mtoto, kwamba watampiga kidogo tu wakimwonea huruma kwa ujana wake, kwamba Damaris akirudi atasema ukweli na atafunguliwa, kwamba Liz akipona atamhitaji baba. Yote yale niliyafanya kwa ajili ya Liz, nikajiambia. Hata hilo nikamsingizia mtoto aliye kitandani.

"Si kweli," nikasema. "Mwanangu nilimpeleka mimi."

Ng'ombe wa Chacha niliwaiba gizani. Wema wa Bichage niliuiba mchana kweupe, mbele ya wazee, na sauti yangu haikukwaruza.

Nilitegemea atapiga kelele, aniite mwongo, anitemee mate. Hakufanya hata moja. Alinitazama kwa mshangao, kisha akasema taratibu, kama anayemkumbusha mgonjwa.

"Shemeji. Ulinishika mkono."

Nikatazama pembeni. Vijana wakaivuta kamba, akaanguka kwa ubavu kwenye saruji ya josho, akainuliwa kwa nguvu. Kuna mtu aliyecheka. Kuna aliyeuliza rungu lake liko wapi. Bado kijana yule alikuwa ananitazama mimi na si wao.

Ryoba akanyoosha mkono, wakatulia. Akasema iritongo haimchukui mtu kutoka bomani bila mwenye boma kutamka. Shemeji ameshasema, na shemeji hana sababu ya kumchukia kijana huyu. Sasa limebaki la mzee mwenyewe.

"Ombui," akasema. "Tumchukue?"

Nilijua anachoweza kusema. Neno moja lake lingenitoa pale nilipokuwa nimesimama na kunitia ndani ya kamba ileile. Nilikuwa na nafasi bado, msidhani sikuwa nayo. Kutoka alipouliza Ryoba hadi mzee alipoinuka, ningeweza kusema mara kumi.

Ombui aliinuka kwa kuegemea fimbo yake, ncha bado ina tope la pengoni. Akamtazama mwanawe. Akanitazama mimi, muda mrefu zaidi. Halafu akaomba maji ya kunywa. Yaliletwa kwa kibuyu, akayanywa yote bila haraka, akajifuta midomo kwa kiganja, akamrudishia mwenye kibuyu na kumshukuru.

"Wazee," akasema, "hapa nina watoto wawili."

Sisi sote tukawa tunamngoja amalize, na ni mimi peke yangu niliyejua mtoto wa pili ni nani.